Matumbawe ndani ya Kioo: Ujuzi Usiostahili Dharau

Wako watu miongoni mwetu, tena wenye elimu ya kutosha, ambao wakisikia kwamba mtu mzima ametumia miaka 30 ya maisha yake kutunza samaki wa rangi na matumbawe ndani ya tangi la kioo, huangua kicheko. Huo, husema, ni mchezo wa matajiri. Ni anasa ya watu wa Ulaya na Marekani wasiojua shida ya maji wala ya umeme. Katika maneno hayo mna chembe ya ukweli, nasi tutaifikia. Lakini dharau si hoja. Leo, wakati miamba ya matumbawe inapauka na kufa kwa joto katika bahari zote za nchi za joto, sehemu kubwa ya ujuzi unaotumika katika kujaribu kuiokoa ilipatikana ndani ya matangi hayo hayo, na baadhi ya walioupata hawakuwa na shahada yoyote ya elimu ya bahari.

Mwalimu wa sayansi hahitaji kukumbushwa kwamba tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni kundi la vijinyama vidogo, kila kimoja na mdomo wake, vinavyojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumlipa mwenyeji wake kodi ya sukari. Joto la maji likipanda nyuzi 1 tu juu ya kiwango cha kawaida cha majira ya joto, na likakaa hivyo kwa majuma kadhaa, maelewano hayo huvunjika. Mwani hufukuzwa, na tumbawe hubaki jeupe kama mfupa. Likikaa hivyo muda mrefu, hufa kwa njaa. Miamba ya namna hiyo haifiki hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini inakadiriwa kuwa robo ya aina zote za viumbe wa baharini huitegemea kwa namna moja au nyingine. Mvuvi anayetega dema lake kandokando ya mwamba anaijua hesabu hiyo bila ya kusomeshwa.

Ni nani basi waliotangulia kumweka kiumbe wa bahari ndani ya kioo ili wamtazame akiwa hai? Mmoja wao alikuwa mshona nguo. Jeanne Villepreux-Power, mwanamke wa Kifaransa aliyehamia Messina katika kisiwa cha Sicily, alitengeneza matangi ya kioo mwaka 1832 ili achunguze aina ya pweza ajulikanaye kwa jina la kitaalamu la Argonauta. Wakubwa wa elimu ya zama hizo walikuwa wakibishana kama pweza huyo huiba gamba lake au hulitengeneza mwenyewe. Mama huyo hakubishana. Alikaa akatazama, akathibitisha kwamba hulitengeneza mwenyewe. Miaka kama 14 baadaye Bibi Anna Thynne alichukua matumbawe madogo ya maji baridi kutoka Torquay akayapeleka London, akayaweka hai muda mrefu kwa njia ambayo yafaa kutafakariwa: mtumishi wake wa nyumbani alikuwa akimimina yale maji ya bahari kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa hadi robo tatu ya saa kila mara, ili yapate hewa. Vitabu vinamtaja Bibi Thynne. Mikono iliyomimina maji haitajwi kwa jina, na hilo nalo ni fundisho juu ya namna historia ya elimu inavyoandikwa.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake kuhusu matangi ya bahari. Wasomaji wakapagawa. Wakamiminika katika fukwe za Uingereza na ndoo na nyundo, wakabandua kila kilichobandulika katika vidimbwi vya mawe. Mwanawe, Edmund Gosse, aliandika baadaye kwa uchungu mkubwa jinsi fukwe zile zilivyoachwa tupu. Tangu mwanzo, basi, mapenzi ya tangi yamekuwa na sura mbili: anayependa kuelewa, na anayependa kumiliki.

Kwa karibu miaka 100 iliyofuata hakuna aliyeweza kuyafanya matumbawe ya bahari ya joto yastawi mbali na bahari. Matangi ya Ulaya yalichujwa na kusafishwa kwa dawa, nayo yakapambwa kwa matumbawe yaliyokufa na kuchemshwa yakawa meupe, kama maua ya karatasi juu ya kaburi. Waliovunja ukuta huo walikuwa mbali na miji mikuu ya sayansi. Katika mji wa Nouméa, kisiwa cha New Caledonia, René Catala na mkewe walifungua nyumba yao ya samaki mwaka 1956. Waliingiza maji ya bahari moja kwa moja, wakastawisha matumbawe hai, na punde wakagundua kwamba mengi kati yake hung'aa kwa rangi za ajabu yakimulikwa kwa taa maalumu gizani. Kule Jakarta, mwananchi wa Indonesia aliyeitwa Lee Chin Eng alieleza mwaka 1961, katika gazeti la wafugaji wa samaki, njia yake iliyokuwa nyepesi mno hata mafundi wa Ulaya hawakuiamini. Aliweka maji ya bahari, mchanga, vipande vya mwamba vyenye viumbe vyake vyote, mapovu machache ya hewa, na jua. Basi. Hakuwa na mtambo wa kuchuja. Mwamba wenyewe, kwa vijidudu vilivyomo ndani yake, ulisafisha maji.

Kisa hiki kina uzito kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Kasumba ilitufundisha kwamba utaalamu hutoka upande mmoja wa dunia na kuelekea upande mwingine, kama meli ya shehena. Katika jambo hili elimu ilipanda kutoka Jakarta, ikaenda Ulaya, ikachukua muda mrefu kukubaliwa, na ilipokubaliwa ikapewa jina la Berlin.

Wajerumani, kwa haki yao, waliongeza kitu. Katika miaka ya 1970 Peter Wilkens alihimiza kutiwa maji ya chokaa ndani ya tangi, kwa sababu matumbawe hayawezi kujenga mifupa yao pasipo madini hayo. Kundi la wafugaji wa Berlin, akiwemo Dietrich Stüber, lilichanganya chokaa, taa kali, mwamba hai na chombo cha kukusanya uchafu kwa povu, na matumbawe yakaanza kukua hata yakawa hayana budi kukatwa. Vipande vya tumbawe moja la Stüber viligawanywa kwa mkono kutoka nyumba hadi nyumba, mithili ya pando la muhogo, vikasambaa hata nje ya Ujerumani.

Hapa mkazi wa Mafia, Tanga au Mtwara atatabasamu kwa uchungu. Chokaa ile ile, iliyozimwa kwa maji, ndiyo tuliyojengea nyumba zetu za mawe, na tuliipata kwa kuyavunja matumbawe na kuyachoma kwa kuni za mikoko. Mmoja alitia chokaa majini ili apate tumbawe, mwingine alitia tumbawe motoni ili apate chokaa. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu mababu zetu, ambao walichukua kidogo na kujenga miji iliyodumu karne nyingi. Nasema kwa sababu yule aliyelijenga tanuri na yule aliyelitunza tangi waligusa ukweli mmoja wa kemia, na mwalimu anaweza kuufundisha wote katika kipindi kimoja.

Matunda makubwa zaidi yamekuja karne hii. Mwaka 1984 wanasayansi wa Australia walitangaza kwamba matumbawe mengi ya mwamba wao mkubwa hutoa mayai na mbegu kwa pamoja, siku chache baada ya mbalamwezi, mara moja kwa mwaka. Je, jambo kama hilo lingeweza kutokea ndani ya chumba, London, ambako hakuna bahari wala joto? Jamie Craggs na wenzake katika jumba la makumbusho la Horniman waliiga kwa mitambo machweo, majira ya joto na baridi, na hata ukuaji wa mwezi, na mwaka 2013 matumbawe yao yakataga kwa wakati uliopangwa. Kwa ujuzi huo, mwaka 2019, nyumba ya samaki ya Florida iliyoko Tampa iliwezesha tumbawe la mnara, aina iliyokuwa ikitoweka katika Atlantiki, kutaga ndani ya tangi. Na joto la Julai 2023 lilipopandisha maji ya ghuba moja ya Florida kupita nyuzi 38, watu walipiga mbizi wakayatoa maelfu ya matumbawe na kuyakimbiza kwenye matangi ya nchi kavu. Waliojua la kufanya wakati ule ni wale waliokuwa wamezoea kuchekwa.

Sasa tuifikie ile chembe ya ukweli. Biashara ya samaki wa mapambo imefanya dhambi nzito. Huko Ufilipino tangu miaka ya 1960, na baadaye Indonesia, wavuvi walipulizia sumu ya sianidi mwambani ili samaki walewe na kushikwa kwa urahisi. Matumbawe yaliyokuwa karibu yakafa, na faida ikabaki kwa madalali. Ni kweli pia kwamba tangi halitaiponya bahari. Hakuna kioo kinachotosha kuhifadhi mwamba wenye urefu wa kilomita, wala ghala la vipande vya matumbawe halitasaidia kitu iwapo bahari itakayorudishiwa vipande hivyo inachemka. Anayetuambia kwamba matangi yanatosha, na kwamba nchi zenye viwanda vikubwa zinaweza kuendelea na moshi wao, anatuuzia mbuzi ndani ya gunia.

Nasi tuna cha kupoteza. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi sana katika Bahari ya Hindi ya magharibi, na mwamba wa Tutia kule Mafia uliumia vibaya. Upaukaji wa nne wa dunia ulianza mwaka 2023, ukatangazwa rasmi Aprili 2024, na mwaka mmoja baadaye ilielezwa kuwa asilimia 84 ya miamba duniani ilikuwa imepata joto la kiwango cha kuipausha. Ongeza juu yake makovu ya baruti, ambayo imepungua lakini ambayo kazi yake huonekana kwa miongo. Hatujalala usingizi wa pono: Chuo cha Sayansi za Bahari kipo Unguja tangu 1978, hifadhi ya Chumbe tangu 1994, ambako waliokuwa wavuvi wamekuwa walinzi na waelekezi wa watoto wa shule, na hifadhi ya bahari ya Mafia tangu 1995.

Kinachopungua ni watazamaji. Uchunguzi uliofanywa pwani ya Kenya umeonyesha kwamba matumbawe ya huku hayatagi yote katika usiku michache kama ya Australia. Hutaga kwa kugawanyika, katika miezi kadhaa ya majira ya kaskazi. Maana yake ni kwamba kalenda iliyoundwa kwa mwamba wa wengine haitufai, na ya kwetu itaandikwa na watu watakaokuwa majini usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka. Watu hao tayari wako majini. Ni wavuvi wa pweza na wa madema, wanaotofautisha bamvua na maji mafu pasipo kutazama karatasi. Mwalimu wa Kilindoni au wa Msimbati anaweza kumpa mwanafunzi daftari, akamwagiza aandike kile alichokiona babake usiku ule, tarehe, umri wa mwezi na jina la kiumbe kwa Kiswahili chake; na afisa wa uvuvi wa wilaya anaweza kuyakusanya madaftari hayo kila mwisho wa kaskazi na kuyafikisha Unguja. Gharama yake ni daftari na kalamu.

Tangi lenyewe lije baadaye, na moja likitunzwa vyema latosha kuanzia, mahali ambapo mtoto wa Tabora au Dodoma anayesafiri kuja pwani mara moja maishani mwake atalikuta tumbawe hai la Bahari ya Hindi likifungua mikono yake, na pembeni awepo mtu wa pwani aliyelilea, wa kumjibu maswali.