Mbele ya kopo ya poda, tuangalie sahani

Wadada wetu wa mupira wa miguu, basket na voleboli wanauziwa ndoto ndani ya kopo. Poda ya protini, vidonge vya «kuongeza nguvu», vinywaji vya kusisimua: eti njo vinafanya mutu akimbie dakika 90 bila kuchoka. Tuseme wazi: sehemu kubwa ni biashara.

Mwaka 2018, wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walichunguza hizi bidhaa. Zenye ushahidi muzuri wa kuongeza uwezo uwanjani ni chache sana, kama vile kafeini na kreatini. Hata hizo zinaongeza kidogo tu, kwa mutu mwenye anakula vizuri tayari. Tena kopo inaweza kuficha dawa iliyokatazwa. Kwa sheria ya WADA, muchezaji njo anajibu juu ya kitu kilichopatikana mwilini mwake, hata kama hakujua.

Muchezaji wa Masisi ao Walikale anahitaji kwanza chakula cha kutosha, na damu. Kila mwezi mwanamuke anapoteza madini ya chuma. Ndiyo maana anahitaji karibu miligramu 18 kwa siku, wakati mwanaume anahitaji 8. Damu ikipungua, oksijeni haifike vizuri kwenye misuli, na miguu inakuwa mizito. Malaria inazidisha shida. Na akikosa siku zake juu ya mazoezi mengi na chakula kidogo, hiyo si nguvu: mwili unaomba musaada.

Dawa ya kwanza tunalima sisi wenyewe: maharagi, lengalenga, sambaza, maziwa na fromaji ya Masisi, ndizi na mafuta ya ngazi ya Walikale. Kula maharagi na chungwa, chuma kinaingia vizuri. Chai ingoje saa moja. Vidonge vya chuma, kunywa kisha kupimwa damu, si juu ya neno la muuzaji.

Lakini nani analima leo? Mwezi wa kwanza 2025, M23 iliingia Masisi-centre. Mwezi wa tatu, Walikale-centre. Familia zilikimbia, mashamba yakabaki. Na mazao yenye kubaki yanalipishwa kwenye vizuizi vya barabara mpaka bei inapanda sokoni. Njaa ya muchezaji si uvivu wake. Ni siasa.

Kwa hiyo tunadai:
– wenye silaha wote waondoe vizuizi na waache wakulima warudi mashambani;
– vyama vya michezo vipime damu ya wachezaji wanawake, na viwape chakula siku ya mazoezi;
– makocha waache kuwa wauzaji wa poda.

Mwaka 2024, wanawake wa TP Mazembe walichukua kombe la klabu bingwa Afrika. Vipaji viko Kongo. Masisi na Walikale navyo viko. Visife na njaa.