SUFURIA MBILI

Neno la leo ni refu na si tamu. Kama uko kwa matatu, liweke, usome ukifika nyumbani.

Wiki iliyopita mzee mmoja wa kanisa alinialika kwake. (Amekubali niandike, bila jina lake. Mkianza kubahatisha majina hapo chini nitafuta.) Tukanywa chai, tukaomba, kisha akasema, "Pasta, njoo nikuonyeshe mradi wangu huko nyuma." Nikajua ni kuku.

Haikuwa kuku. Kwenye chumba cha nyuma nilikuta sufuria tatu za chuma kinachong'aa, kila moja lita 50, zimeunganishwa kwa mipira na pampu ndogo. Ndani ya sufuria kuna koili ya stima, na ukutani kuna kisanduku chenye namba nyekundu: 66. Chumba kizima kilinukia uji. "Ni bia, Pasta," akasema bila aibu. "Siuzi. Ni ya kujipumzisha wikendi tu."

Alinieleza vizuri, maana ni mtu wa kusoma. Kimea cha shayiri kilichosagwa kinalowekwa kwa maji ya nyuzi 65 hadi 67 kwa muda wa saa moja, ndipo wanga ugeuke sukari. Kazi ya kile kisanduku ni kushikilia joto hapo. Maji hayo matamu yanachujwa, yanachemshwa saa nyingine pamoja na maua ya hopsi yanayoleta uchungu, yanapozwa haraka, kisha anatia hamira na kufunika. Wiki mbili baadaye anajaza chupa. Pishi moja linampa lita 23 hivi.

Nilinyamaza. Mzee akadhani nimevutiwa. Kusema kweli nilikuwa namkumbuka mama mmoja.

Wale mliokuwa nasi siku za mwanzo, tukikutana kwenye hema, mnakumbuka. Baada ya mkutano wa hadhara tulishuka mtoni na ngoma na vipaza sauti tukaingia kwa mama mjane aliyekuwa akipika busaa. Nilikuwa mbele. Tulimwaga mitungi miwili. Karai lake tukalipiga mawe mpaka likatoboka, tukaimba, tukakemea pepo. Yeye alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, hakusema neno. Jumapili yake nilitoa ushuhuda madhabahuni na mkapiga makofi. (Mzee wangu huyu hakuwa kati yetu siku hiyo, asihukumiwe kwa hilo.)

Sasa sikieni alichokuwa anafanya yule mama. Unga wa mahindi unaloweshwa siku kadhaa hadi uchachuke, unakaangwa kwenye karai, unachanganywa na maji na kimea cha wimbi, unaachwa uchachuke tena, unachujwa machicha. Kimea. Maji ya vuguvugu. Wanga unageuka sukari, sukari inageuka pombe. NI KAZI ILE ILE! Tofauti ni kwamba yeye alipima joto kwa kidole na mzee anapima kwa namba nyekundu. Yeye aliwasha kuni, mzee anawasha stima. Yeye tukamwita mama pima na mtumwa wa shetani, na huyu tunamwita mzee.

Najua mtakachoniandikia, kwa hivyo nianze kujibu.

Kuna atakayesema, "Pasta, ile ya mtaani inaua, hii ni safi." Ndugu yangu, tuseme ukweli hata kama hautusaidii kuhubiri. Waliokufa Kirinyaga Februari 2024, na wale wengi waliokufa Mei 2014 katika kaunti kadhaa, hawakuuawa na busaa ya nafaka. Hizo zilikuwa pombe zilizotiwa sumu. Mwaka 2014 ilikuwa methanoli. Nafaka iliyochachuka vizuri, iwe busaa iwe bia ya mzee, haina methanoli ya kumpofusha mtu. Basi kama usafi ndio hoja, ilitupasa kumpelekea yule mama sabuni na maji safi, si mawe.

Mwingine atasema mzee hauzi. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho, inadai leseni kwa anayetengeneza pia, si anayeuza peke yake. Na mimi sitaki polisi kwa nyumba ya mtu. Nauliza tu: ni nyumba gani polisi wanajua njia yake?

Halafu kuna wa harusi ya Kana. Huyu hakosi. Nimeisoma Yohana 2 chuoni hadi nikachoka nayo. Ilikuwa mitungi sita ya mawe, kila mmoja nzio mbili au tatu, yaani zaidi ya lita mia nne kwa jumla. Nyingi sana! Lakini ilikuwa harusi, kijiji kizima kilikuwepo, na Bwana alifanya hivyo mara moja. Hatusomi kwamba aliacha mtambo nyuma ya nyumba. Nao wanaonitajia Timotheo na tumbo lake, lita 23 ni tumbo la nani?

Hapo ndipo ninapogombana na ule mradi wenyewe, hata bila kumtaja mama wa mtoni. Piga hesabu. Lita 23 ni chupa 46 za nusu lita. Mke wake hanywi. Pishi moja kila wiki mbili ni zaidi ya chupa tatu kwa siku kwa mtu mmoja. Baa ina bei, ina saa (sheria hiyo hiyo inasema saa kumi na moja jioni siku za kazi), na ina mhudumu anayeweza kukwambia, "Mzee, nenda nyumbani." Chumba cha nyuma hakina hata kimoja. Huko kila kitu kimeshalipiwa, na mtu anajiambia kwamba si pombe anayofuata bali ufundi. Nimezika watu watatu walioanza kwa kufuata ufundi, mmoja wao fundi wa redio mwenye akili kuliko sisi sote. Someni wenyewe mwisho wa Mithali 23, jinsi anayeamka na kuitafuta tena anavyoelezwa. Hakuna mahali panaposema alikuwa maskini.

Na watoto wake wanajua ile namba nyekundu ni ya nini. Yule mdogo ndiye aliyenionyesha swichi.

Swichi hiyo nayo nitaisema, hata kama si neno la rohoni. Koili ya wati 3,000 kwa stima yetu ya volti 240 inavuta ampea 12 na nusu, na plagi ya kawaida mwisho wake ni 13. Mzee ameichomeka kwa ekstensheni iliyokunjwa, kwa saa tatu mfululizo, sakafu ikiwa na maji. Nilishika ule waya, ulikuwa moto. Fundi akikufungia shawa ya maji moto huvuta waya mnene wa peke yake na kuweka athi, sivyo? Nilimwambia azime mbele yangu, akazima. Tukakubaliana hapo angalau.

Lakini kwa lile kubwa hatujakubaliana. Anasema dhamiri yake haimshtaki. Nikamfungulia Warumi 14, lile la kuacha kinywaji kwa ajili ya ndugu anayejikwaa. Nikamfungulia Yakobo 2, mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri na maskini anaambiwa akae chini. Akaniuliza, "Pasta, ni nani alimwaga ile busaa?" Sikuwa na jibu. Mithali 20 inasema juu ya vipimo viwili kwamba ni chukizo kwa Bwana, na mkononi mwangu mlikuwa na viwili.

Kwa hivyo nimeamua, na baraza limekubali kwa shida. Yeyote anayetumika hapa, iwe kwaya, walinda mlango, wazee, au mimi, akitengeneza pombe kwa kuni au kwa stima, atakaa chini hadi aache. Atakuja ibadani, atapokelewa, ataombewa, ila hatashika kipaza sauti wala sahani ya sadaka. Mzee ameshakabidhi funguo za ofisi ya ujenzi. Ndiye aliyetoa mabati ya upande wa kushoto, na najua paa la upande wa kulia litachelewa. Msiniandikie kuhusu paa.

Na Jumamosi saa nne asubuhi nashuka mtoni. Nimeuliza, yule mama bado yuko, sasa anauza mboga. Nimenunua karai jipya na nina pesa ya mitungi miwili kutoka mfukoni mwangu, si ya kanisa. Atalitumia anavyotaka, sitamwekea masharti. Wale tuliokuwa pamoja siku ile, kama unataka kuja, tukutane kwenye daraja. Hakuna ngoma, na tafadhali acheni simu zenu kwenye mifuko.