Kiwanja cha Mikoani na Haki za Warithi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu. Tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza Serikali kuhamia Dodoma, na zaidi baada ya treni ya umeme kuanza safari za Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024, familia nyingi zinatazama mikoani. Hatuoni ubaya. Makazi yenye nafasi ni katika mambo ambayo Mtume (S.A.W.) aliyahesabu kuwa furaha ya mtu.

Lakini ardhi inapopanda thamani, shamba la marehemu lililosahauliwa hugeuka mali ya kugombewa. Kaka mmoja huleta dalali, mkataba huandikwa, na dada zake hupata habari msingi umeshachimbwa. Ilhali Qur'ani, Sura An-Nisaa aya ya 7, imewapa wanaume na wanawake fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Naye Mtume (S.A.W.) ameonya kwamba mwenye kudhulumu shubiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Basi, ndugu Waislamu, bei nafuu isitupumbaze. Kabla ya kutoa fedha tuulize: mirathi imegawanywa? Msimamizi amethibitishwa na mahakama? Warithi wote, wanawake wakiwemo, wameridhia? Kisha tuhakiki hati katika ofisi ya ardhi. Nyumba iliyosimama juu ya haki ya yatima haina baraka, hata ikiwa pana.

Wallahu a'lam.