Mtaa uliolindwa na dharau

Nilipopangwa kufundisha Voi mwaka 1986, hakuna dalali wa ploti aliyekuwa akikanyaga Tanzania. Nasema mtaa wa Tanzania-Bondeni, si ile nchi iliyo ng'ambo ya Taveta. Sisi wa hapa tumezoea kwenda Tanzania na kurudi bila pasipoti. Siku hizi madalali wanakuja na pikipiki, wanasimama kivulini kwenye kibanda cha M-Pesa, wanauliza hii ya nani na inakwenda kwa ngapi. Wakijibiwa kwamba nyumba ina mwenyewe lakini udongo ni wa mtaa mzima, wanadhani wanazungumza na mlevi.

Nina hoja moja, ingawa nitazunguka kidogo kabla ya kuifikia. Watu wa mtaa ule walipata nafasi ya kujipangia mambo yao kwa sababu mji uliwadharau na kuwaacha. Dharau ile imeanza kuisha. Bei ya ardhi imepanda, reli mpya imepita, na mtaa umekuwa jirani wa kutamaniwa. Walichojipangia sasa kinahitaji mlinzi mwingine, na mlinzi huyo ni karatasi iliyokamilika.

Ukitaka kujua kwa nini mtaa kama ule ulizaliwa, tazama ramani ya kaunti yetu. Asilimia 62 hivi ya Taita Taveta ni hifadhi ya Tsavo, iliyotangazwa mwaka 1948. Ukitoa hifadhi unakutana na mkonge. Ukitoa mkonge unakutana na ranchi. Kinachobaki ni milima, Dawida, Sagalla na Kasighau, ambako kila ngazi ya shamba ina ukoo wake tangu enzi za mababu. Katikati ya hayo yote ikaja reli ya kutoka Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Waingereza wakajenga tawi la reli kuelekea Taveta ili wakapambane na Wajerumani, na Voi ikawa njiapanda. Njiapanda inataka watu: wa kupakia, wa kushusha, wa kufagia, wa kupika uji. Mashamba ya mkonge nayo yalitaka mikono. Wakaja Wakamba, Waluo, Wagiriama, na Wataita wenzangu waliotelemka mlimani baada ya mashamba kugawanywa hadi yakaisha. Kibarua alitakiwa kazini alfajiri; jioni hakuna aliyeuliza amelala wapi. Shirika la reli lilikuwa na nyumba za wafanyakazi wake, na waliobaki wakajitafutia.

Walijitafutia kwenye kipande ambacho kila mwenye mamlaka alikuwa na sehemu yake na hakuna aliyekuwa na haja nacho: pengine ardhi ya serikali, pengine ya reli, pengine ya kampuni ya mkonge. Hapo ndipo nilipokodi chumba changu cha kwanza. Kuta za udongo na fito, paa la mabati, na joto la Voi ambalo mtu wa Wundanyi haamini hadi alale ndani yake. Maji tulinunua kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni. (Bomba la Mzima linapita katika kaunti hii hii likipeleka maji Mombasa, na sitaki kuanza habari hiyo leo, maana sitaimaliza.) Mama mwenye nyumba alikuwa Mkamba aliyemfuata mumewe kwenye mkonge. Mume alikufa, yeye akabaki na vyumba vinne, mbuzi wawili, na sauti iliyotosha kuamsha mtaa.

Shangazi yangu wa Werugha aliposikia ninakoishi alinyamaza, akamimina chai, kisha akasema, "Mwalimu mzima, unalala Tanzania?" Shuleni hali ilikuwa hiyo hiyo. Mtoto akichelewa aliulizwa, "Wewe unatoka Tanzania, sivyo?" na halikuwa swali la kujibiwa. Mji mzima ulikuwa na orodha yake: chang'aa, wizi, wanawake wa madereva wa malori. Sitadai kwamba pombe haikuwepo. Ilikuwepo, na mnazi pia. Lakini nilikaa pale nikawaona wanywaji, na wengi walikuja jioni wakitoka mitaa ya heshima, wamevaa viatu vilivyong'arishwa, wakarudi makwao usiku kabla majirani hawajajua. Asubuhi hao hao ndio waliosema mtaa ule umeharibika.

Mapema miaka ya 1990 likaja jambo ambalo watu wa Voi wengi, hata waliosoma, hawalijui mpaka leo. Mradi wa miji midogo wa Wizara ya Serikali za Mitaa, ukisaidiwa na shirika la Ujerumani la GTZ, uliichagua Tanzania-Bondeni ili iboreshwe. Mtaa ulikuwa na nyumba zaidi ya 500 na watu wapatao 4,000. Mitaa ya mabanda nchini ilikuwa imezoea tingatinga, lakini hapa watu wakaulizwa: mnataka kumiliki ardhi hii kwa njia gani? Kila mtu na hati yake? Ushirika? Au njia ya tatu ambayo mtu wa Voi hakuwahi kuisikia, amana ya ardhi ya jamii?

Katika njia hiyo ya tatu, ardhi yote inashikwa kwa pamoja chini ya wadhamini. Wakazi wanaunda chama chao, wanachagua viongozi wao. Kila mwenye nyumba anapewa haki ya kukaa kwenye kiwanja chake kwa kukodishwa na amana, na nyumba ni mali yake. Watoto wake wanairithi. Akitaka kuondoka anauza nyumba, lakini hauzi ardhi, na jamii ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza ya kununua. Tajiri wa Mombasa hawezi kuja na mkoba akanunua safu nzima, akaizungushia ukuta.

Wakaichagua hiyo. Mimi nilikuwa nimeshahamia upande mwingine wa mji, lakini yule mama nilimtembelea mara kwa mara, nikamuuliza kwa nini wamekataa hati ya mtu binafsi, ambayo kila Mkenya anaiota. Alinijibu bila kuacha kuchambua mbaazi: "Mwalimu, nikipewa hati, mwanangu wa kwanza ataiuza kabla sijazikwa." Sijawahi kusikia maelezo bora ya sheria ya ardhi, na nimehudhuria semina kadhaa.

Ilikuwa mara ya kwanza mfumo huo kujaribiwa mjini katika Kenya, na wasomi walikuja mbio. Mmarekani Ellen Bassett aliufanyia utafiti na kuuandikia makala katika majarida ya kimataifa, ya kwanza akiwa na mwenzake Harvey Jacobs mwaka 1997. Mtaalamu wetu wa ardhi, Saad Yahya, naye akauandikia. Mwanafunzi wa mipango ya miji huko Ulaya anaweza kukueleza habari za Tanzania-Bondeni, na dereva wa matatu ya Voi kwenda Mwatate, anayepita karibu nayo kila siku, asijue.

Na asili ya wazo lenyewe? Wengi hudhani ni la Wajerumani, kwa kuwa walilipia mradi. Kumbe amana ya ardhi ya jamii ilianzishwa na wakulima weusi wa Georgia, kusini mwa Marekani, mwaka 1969, katikati ya harakati za haki za kiraia. Waliita shamba lao New Communities. Walikuwa wakifukuzwa kwenye mashamba ya wazungu kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura, wakaona hakuna usalama mpaka ardhi iwe ya wote na isiweze kuuzwa kwa vitisho vya mtu mmoja mmoja. Mwaka 1985 waliipoteza, baada ya ukame na mikopo waliyonyimwa. Lakini wazo lilishatoka: mji wa Burlington huko Vermont ulikuwa umeshaanzisha amana yake mwaka 1984, na miaka michache baadaye wazo la wakulima wa Georgia likafika kwa vibarua wa mkonge wa Voi. Mtu anayesema mtaa ule hauna historia aanzie hapo.

Sasa nije kwenye lawama, maana zipo na nyingine ni za haki.

Karatasi zilichelewa. Kukamilisha hati kuu ya amana, halafu hati ndogo za kila mwenye nyumba, kulichukua miaka na miaka, kwa kuwa ofisi za ardhi hazikuwa na faili ya mnyama wa aina hiyo. Mradi ulikwisha, wataalamu wakaondoka, na wazee waliopiga kura ile wakaanza kufa. Kijana aliyezaliwa pale baada ya mwaka 2000 hakumbuki mkutano wowote. Anachojua ni kwamba rafiki yake wa mtaa mwingine amechukua mkopo benki kwa hati ya baba yake, na yeye hawezi. Ananiambia, "Mwalimu, hii amana ni ya wazee." Namwelewa. Wala amana haikufuta tofauti ya mwenye nyumba na mpangaji. Nililipa kodi pale, najua kodi ni kodi.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, na inatoka kwenye maisha ya kaunti hii. Sisi tunazijua ranchi. Baba zetu waliambiwa wajiunge, wamiliki pamoja, wafuge pamoja. Leo muulize mwanachama wa ranchi amepata nini. Wengi watakuambia wanaona magari ya wakurugenzi tu. Mtaita akisikia neno "pamoja" likiambatana na ardhi, anaangalia kwanza nani ameshika kalamu. Wenye kutaka amana ivunjwe na kila mtu apewe hati yake wanautumia woga huo vizuri.

Lakini ranchi ziliharibiwa na vitabu vilivyofungiwa na mikutano isiyoitishwa. Dawa yake ni kufungua vitabu na kuitisha mikutano. Kugawanya ardhi kunamaliza malalamiko kwa sababu kunawamaliza walalamikaji: wanauza, wanahama, wanaanza tena kwenye kichaka kingine. Nimefundisha watoto wa familia zilizouza. Mwaka wa kwanza kuna televisheni mpya na mabati mapya. Baadaye mtoto anaanza kutembea kutoka mbali, halafu siku moja haji.

Kama kuna anayedhani nazua hofu, yaliyotokea mwaka 2023 yalikuwa hapa hapa Voi. Nyumba za mtaa wa Msambweni zilibomolewa baada ya mvutano wa ardhi na kampuni binafsi, familia kwa mamia zikalala nje na vyombo vyao. Watu wale walikuwa wamejenga, wengine kwa matofali, na mtaa wao ulikuwa na sifa nzuri kuliko Tanzania ya zamani. Sifa haikuwasaidia kitu. Wakati ule watu wa Tanzania-Bondeni, wale wale tuliowacheka, walikuwa ndani ya nyumba zao. Sisemi amana ndiyo sababu pekee. Kila kesi ya ardhi ina mizizi yake. Lakini swali la nani ana haki ya kukaa pale lilikuwa limejadiliwa kwao miaka thelathini nyuma, kwa sauti, mbele ya serikali.

Tangu treni ya reli mpya, SGR, ianze mwaka 2017 na lami ya Taveta ikamilike, Voi inakua kwa kasi ambayo sikuiona kwa miaka yote niliyoshika chaki. Hosteli za wanafunzi, maduka ya jumla, nyumba za kupangisha za ghorofa tatu. Mtaa ulio karibu na katikati ya mji hauwezi tena kujificha nyuma ya jina baya. Hata wanasiasa wameanza kuusifu, na mwanasiasa akisifu ardhi yako, funga mlango.

Kwa hiyo ninachotaka kutoka kwa serikali ya kaunti na Wizara ya Ardhi hakigharimu mabilioni. Kila mwenye nyumba ambaye bado hana hati yake ndogo apewe, ikiwa na jina la mke pia, si la mume peke yake. Orodha ya wanachama ihakikiwe upya, waliokufa waondolewe, warithi waandikwe. Chama cha mtaa kifanye uchaguzi, na hesabu zake zibandikwe mahali ambapo hata mimi, niliyestaafu na mwenye miwani mizito, naweza kuzisoma. Benki nazo zielezwe kwamba nyumba iliyo kwenye ardhi ya amana inaweza kuwekwa dhamana ya mkopo kwa thamani ya nyumba yenyewe, kama inavyofanyika Marekani kwenye amana za namna hiyo. Ofisi ya ardhi iweke karani anayeujua mfumo huu, na akihamishwa, amwachie mwenzake faili.

Vijana wa mtaa wakishapata karatasi hizo mkononi, waitishe mkutano wao wenyewe na wapige kura upya kama wanataka kuendelea na amana au kuivunja. Nitaenda kusikiliza. Nina maoni yangu, na nimekwisha kuyasema hapa, lakini kura ni yao.