Simu ya Pongezi Haihesabu Kura

Kijana mwenzangu wa Kisii na Nyamira.

Unajua vile huwa. Usiku wa kuhesabu kura, mgombea wako anampigia mpinzani simu ya pongezi. Habari ikifika kituoni, maajenti wanabeba makoti yao. "Si ameshakubali? Tunangoja nini?"

Mnangoja fomu. Kisheria, kukubali kushindwa hakumpi mtu kiti, na kukataa hakumnyimi. Kura huhesabiwa na kutangazwa pale kituoni. Ya MCA huandikwa kwenye fomu 36A, ya gavana 37A, kisha afisa msimamizi anatangaza mshindi. Hakuna fomu inayouliza kama aliyeshindwa ameridhika.

Kumbuka 2022. David Mwaure alikubali kushindwa Agosti 14, lakini Ruto hakuwa rais mteule mpaka Chebukati alipomtangaza kesho yake.

Kumbuka pia 2017. Mwanzoni NASA walisema hawaendi kortini. Baadaye wakaenda, na hakuna aliyewafungia mlango kwa sababu ya maneno yale. Septemba 1, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, na Jaji Mkuu alikuwa David Maraga, mwana wa Nyamira. Majaji waliangalia fomu na namna matokeo yalivyopeperushwa. Simu ya nani kwa nani haikuwa hoja.

Sisemi kukubali ni bure. Neno moja la heshima linaweza kuzuia vijana kurushiana mawe, na Uislamu unatufundisha kulinda damu ya watu. Lakini hiyo ni adabu ya mgombea. Kura ni amana yako wewe, na yeye hana ruhusa ya kuisamehe kwa niaba yako.

Sisi Waislamu huku ni wachache. Novemba 27, 2025, wadi za Nyamaiya, Ekerenyo na Nyansiongo zilirudi debeni, na kiti cha wadi kinaweza kuamuliwa na kura chache tu. Ndiyo maana yako ina uzito.

Kwa hivyo Agosti 10, 2027, ukiwa ajenti, usitoke mpaka upewe nakala ya fomu. Ukiwa mpiga kura, piga picha ya ile iliyobandikwa mlangoni. Kukiwa na kasoro, Katiba inatoa siku 28 kwenda kortini, na 7 tu kwa urais.

Mgombea akitaka kupongeza, apongeze. Wewe baki na fomu.