Singapore Haikujengwa kwa Kiboko

Kuna hadithi inayosimuliwa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na hata Kinshasa, vijiweni na majukwaani, karibu kwa maneno yale yale. Kwamba tulipopata uhuru tulikuwa sawa na Singapore. Kwamba wenzetu walikuwa kijiji cha wavuvi kando ya kinamasi, Mungu akawajalia Lee Kuan Yew, mtu mkali asiyecheka na mtu, akawanyoosha mpaka wakatajirika. Na msimuliaji hamalizi bila kushusha pumzi na kusema kuwa nasi tunamhitaji dikteta mwema, japo kwa miaka kumi tu.

Hadithi hii ina uongo mwanzoni, ina uongo katikati, na hatima yake ni ya hatari. Inaaminiwa na watu wenye nia njema waliochoshwa na wizi na uzembe, na ndiyo maana inastahili kujibiwa kwa hoja na kwa takwimu.

Mwaka 1960 wastani wa pato la mtu mmoja Singapore ulikuwa zaidi ya dola 400 za Marekani kwa mwaka. Kenya ulikuwa dola 100 hivi. Waliotuzidi mara nne hawakuwa sawa nasi. Waingereza waliifanya Singapore kituo cha biashara mwaka 1819, na kufikia miaka ya 1950 ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za Asia. Mpira na bati la Malaya vilipitia pale, na pembeni yake palikuwa na benki, kampuni za bima, mawakala wa meli, na maelfu ya makarani waliojua kuandika hati za mizigo. Mombasa ilikuwa mlango wa kutolea kahawa na pamba kuelekea masoko ya watu wengine, ilhali Singapore yenyewe ndiyo iliyokuwa soko. Tena ulikuwa mji mmoja wenye watu wasiozidi milioni mbili. Kenya ilirithi watu zaidi ya milioni nane, wengi wao mashambani, na ardhi iliyogawanywa kwa dhuluma.

Siwasafishi walioiba. Waliiba, na hasara yake bado tunailipa. Lakini anayeamini kwamba tulianza mstari mmoja hujiuliza swali moja tu: wao walikuwa na nani? Akishajibiwa kwa jina la mtu, haoni tena haja ya kuuliza walifanya nini.

Kama ukali wa mtawala ndio unaotajirisha, basi tazameni jirani yetu Kongo. Singapore ilijikuta peke yake tarehe 9 Agosti 1965, ilipotengwa na Malaysia. Miezi mitatu baadaye, tarehe 24 Novemba mwaka ule ule, Mobutu alipindua serikali Kinshasa. Lee aliachia uwaziri mkuu mwaka 1990. Mobutu alifurushwa mwaka 1997. Mkono wa chuma Mobutu alikuwa nao, muda alikuwa nao, na chini ya miguu yake alikuwa na shaba na kobalti ambavyo Singapore haikuvipata hata kwa ndoto. Gécamines, shirika la dola lililorithi migodi ya Katanga, lilikuwa likitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Haikupita miaka kumi, likawa halifikishi tani 50,000. Wazee wa Lubumbashi waliofanya kazi kiwandani hapo wanaijua historia hiyo kuliko mwandishi yeyote. Hawakukosa mtawala wa kuogopwa. Walikosa vipuri, matengenezo, na hesabu ambazo mkubwa hawezi kuzichota.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana ndiyo inayorukwa kila mara hadithi inaposimuliwa.

Mwaka 1960 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulifika Singapore ukiongozwa na mchumi wa Uholanzi, Albert Winsemius. Ripoti yake ilisaidia kuzaa Bodi ya Maendeleo ya Uchumi mwaka 1961, chini ya Hon Sui Sen, mtumishi wa serikali asiyejulikana na wengi huku kwetu. Aliyeusukuma mpango wote alikuwa waziri wa fedha, Goh Keng Swee, mchumi aliyesomea London, mtu wa majedwali na maswali ya kuudhi. Goh aliamua eneo la kinamasi la Jurong ligeuzwe mji wa viwanda. Barabara zikajengwa, majengo yakasimama, na kwa miaka kadhaa mengi yakabaki matupu hata watu wakauita mradi ule upumbavu wa Goh. Hakuna aliyemtumbua. Bodi ile ile, na takriban watu wale wale, waliendelea kubisha hodi kwenye milango ya kampuni za Marekani, wakafukuzwa na nyingi kati ya hizo, wakarudi. Winsemius aliendelea kuja kila mwaka kukagua na kukosoa mpaka mwaka 1984. Huku kwetu, mshauri huondoka na waziri aliyemleta, na waziri mpya huanza kwa kubadili jina la mradi.

Kuna kisa ambacho Lee mwenyewe alikiandika katika kumbukumbu zake. Hewlett-Packard ilikuwa imekodi ghorofa mbili za juu katika jengo la ghorofa sita, na mmoja wa waanzilishi wake, William Hewlett, alikuwa anakuja kulitazama. Transfoma kubwa ya jengo ilikuwa haijawa tayari, hivyo lifti haikuwa na umeme. Maofisa wa Bodi hawakuandika barua ya kuomba radhi, wala hawakumpandisha mgeni ngazi za ghorofa sita. Walivuta waya mnene wa umeme kutoka jengo la jirani, na siku ya ziara lifti ikapanda. Kampuni ikabaki. Texas Instruments nayo, baada ya kuamua kujenga kiwanda mwishoni mwa miaka ya 1960, ilianza uzalishaji ndani ya siku 50. Ofisa aliyeufuata ule waya alijua kazi yake, alijua atapimwa kwa kiwanda kilichofunguka, na alikuwa na ruhusa ya kuamua bila kusubiri simu ya Ikulu. Hofu haifundishi mtu hayo. Mtumishi anayeogopa hufanya jambo moja kwa ufanisi: hulipeleka faili kwa mkubwa wake ili lisimwangukie yeye.

Nyumba ni mfano mzito zaidi. Tarehe 25 Mei 1961 moto uliteketeza mtaa wa mabanda wa Bukit Ho Swee, watu wapatao 16,000 wakalala nje. Bodi ya Nyumba ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache, ikiongozwa na mfanyabiashara Lim Kim San. Serikali iliitwaa ardhi ile, na ndani ya mwaka mmoja nyumba za ghorofa zilikuwa zimesimama na waathirika wakahamia. Wakoloni walikuwa wamejenga nyumba zipatazo 23,000 katika miaka 32. Bodi ilijenga zaidi ya 50,000 katika miaka yake mitano ya kwanza. Soko la Gikomba pale Nairobi limeungua mara nyingi, na kila likiungua tunapata kamati, kisha tetesi za nani anakitaka kiwanja, kisha moto mwingine.

Na fedha? Mfuko Mkuu wa Akiba wa wafanyakazi wa Singapore haukubuniwa na Lee, uliasisiwa mwaka 1955 chini ya Waingereza. Jambo la maana lilifanyika mwaka 1968, mfanyakazi aliporuhusiwa kutumia akiba yake, iliyo katika akaunti yenye jina lake, kununua nyumba ya Bodi. Mtu aliona makato ya mshahara yanageuka mlango wenye funguo zake mfukoni. Kenya ina mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, tangu mwaka 1965, ina Shirika la Nyumba la Taifa, na sasa ina ushuru wa nyumba: asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri naye asilimia 1.5. Lakini anayekatwa hana akaunti yake katika ushuru huo, na akifikisha umri wa kustaafu bila nyumba harudishiwi kitu. Tanzania nayo iliunda Shirika la Nyumba mwaka 1962 na Shirika la Maendeleo la Taifa mwaka 1965. Taasisi zenye majina kama yale tulikuwa nazo wakati ule ule. Tulichofanya ni kuwateua ndani yake watu walioshindwa uchaguzi.

Mtetezi wa dikteta mwema atanijibu kwamba Lee aliwafunga wapinzani, akabana magazeti, akavunja nguvu ya migomo, na bila hayo wawekezaji wasingekuja. Ni kweli aliyafanya. Februari 1963 zaidi ya watu 100 walikamatwa katika operesheni moja. Chia Thye Poh, aliyekuwa mbunge, alikamatwa mwaka 1966 akawekwa kizuizini kwa miaka 23 bila kufikishwa mahakamani hata siku moja. Naomba msomaji asiipite haraka namba hiyo. Kijana aliingia, akatoka mtu mzima, na dola haikuwahi kuthibitisha kosa lake. Kufikia mwaka 1975 kampuni za kigeni zilikuwa zimejaa Jurong na wawakilishi wa wafanyakazi, waajiri na serikali walikuwa wakikaa meza moja tangu 1972 kupanga mishahara. Kumshikilia mtu huyo miaka mingine 14 baada ya hapo kuliongeza viwanda vingapi? Ulikuwa ukatili mtupu, na anayeuhesabu kuwa gharama ya maendeleo hajawahi kuwa na ndugu kizuizini.

Ukali huo haukuizuia serikali kukosea, wala haukuyatibu makosa yake. Kuanzia mwaka 1979 ilipandisha mishahara kwa makusudi ili kuvisukuma viwanda kwenye teknolojia ya juu. Gharama zikapanda kupita kiasi, na mwaka 1985 uchumi ukasinyaa kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Waliokoka kwa sababu kamati ya uchumi ilieleza hadharani kwamba gharama zimekuwa kubwa mno, zikiwemo zile zilizotokana na sera za serikali yenyewe, na mwaka 1986 mchango wa waajiri katika mfuko wa akiba ukashushwa kutoka asilimia 25 hadi 10. Hilo huwezekana pale tu takwimu zinapoandikwa na watu wasiolazimishwa kumfurahisha mtu.

Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi aende Mauritius. Kisiwa cha miwa, watu wa asili ya India, Afrika, China na Ulaya, na wataalamu waliokitabiria balaa. Kilipitisha sheria ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1970. Mwaka 1982 chama tawala kilishindwa uchaguzi vibaya, kikakabidhi serikali, na viwanda vya nguo vikazidi kuongezeka katika miaka iliyofuata. Hapakuwa na kiboko. Botswana nayo imekuwa ikifanya uchaguzi tangu kabla ya bendera yake kupandishwa mwaka 1966, na almasi zake hazikuishia katika majumba ya Ulaya kama shaba ya Katanga.

Kuhusu rushwa, hapo ndipo Singapore inapotuaibisha kweli. Ofisi ya kuchunguza rushwa ilianzishwa na wakoloni mwaka 1952. Mwaka 1986 ilimchunguza Teh Cheang Wan, waziri wa maendeleo ya taifa, kwa tuhuma za kupokea hongo ya dola milioni moja za nchi ile. Waziri aliomba kuonana na Lee. Lee akakataa mpaka uchunguzi uishe. Oktoba 2024, miaka tisa baada ya Lee kufariki, mtu mwingine aliyekuwa waziri, S. Iswaran, alihukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa kupokea zawadi, zikiwemo tiketi za michezo na baiskeli. Mtu mkali alikuwa kaburini, na ofisi ikafanya kazi yake. Kwetu hukumu hutolewa jukwaani: mkurugenzi anatumbuliwa mbele ya kamera, umati unashangilia, na mwaka mmoja baadaye hakuna anayeuliza kama kesi ilifika mahakamani, au kama maji yanatoka bombani.

Kenya itapiga kura Agosti 2027. Kila mgombea atakayeitaja Singapore aulizwe maswali ya karani. Mfanyakazi anayekatwa ushuru wa nyumba atafunguliwa lini akaunti yenye jina lake? Mkuu wa shirika la umma atateuliwa kwa mtihani gani, na atakaa miaka mingapi kabla hajaondolewa kwa simu? Hesabu zilizokaguliwa za mifuko ya akiba zitachapishwa mwezi gani? Na siku waziri wake mwenyewe atakapochunguzwa, akaomba waonane faragha, atamjibu nini?