Madruidi wa Primrose Hill na wazee wa Kabongo

Na Mwamba Kalenga

Kila mwaka mwezi wa Juni, siku yenye mchana mrefu kuliko zote, watu wenye kanzu nyeupe hukusanyika kwenye mawe ya Stonehenge, Uingereza, kulipokea jua. Wanajiita madruidi, jina la makuhani wa Wakelti wa kale. Mwaka 2010 kimoja cha vyama vyao kiliandikishwa rasmi huko kama chombo cha dini. Sina ugomvi nao. Anayemtafuta Mungu kwenye jua hanipunguzii ugali. Ila namna walivyoipata dini hiyo inatuhusu sisi watu wa Katanga.

Madruidi wa kale hawakuandika mambo yao ya ibada. Julius Caesar, jemadari aliyekwenda kuwateka Wakelti, anasema wanafunzi wengine walikaa hata miaka 20 wakikariri mashairi tu. Kisha, karibu na mwaka 60, askari wa Roma walivuka maji hadi kisiwa cha Anglesey, wakaua, wakafyeka misitu yao mitakatifu. Yaliyobaki ni maneno ya adui, majina ya miungu kwenye mawe, na hadithi ambazo watawa wa Kikristo waliziandika karne nyingi baadaye. Ndipo akatokea Iolo Morganwg, mchonga mawe wa Wales na fundi wa kughushi hati. Mwaka 1792 alipanga vijiwe duara juu ya kilima cha Primrose Hill, London, akatangaza kwamba mambo ya kale yamerudi. Kwa hiyo mengi ya "kale" yanayofanywa leo hayajatimiza hata miaka 250!

Sasa tuje nyumbani. Baluba wana lukasa, kibao cha kushikwa mkono mmoja, chembamba katikati, kimejaa shanga na kauri. Mzee wa chama cha Mbudye, watunza kumbukumbu za ufalme, hukiweka kwenye kiganja cha kushoto, na kidole cha shahada cha kulia kinatembea juu yake polepole. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ni mfalme na watu wake. Shanga zilizofuatana ni njia. Hapo ndipo Nkongolo na Kalala Ilunga, watu wa masimulizi ya mwanzo wa ufalme wetu, wanasimuliwa, bila karatasi hata moja.

Sisi pia tuliandikwa na mgeni. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alitoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu hapa Lubumbashi, enzi hizo Élisabethville, mwaka 1945. Tumpe haki yake: alisikiliza, na baadaye huko Kolwezi akaanzisha Jamaa, kundi la Wakatoliki ambalo wazee wengi wanalikumbuka. Lakini katika kitabu kile alikuwa anawaambia Wazungu wenzake jinsi ya kututawala na kutuhubiria vizuri zaidi.

Tofauti yetu na Wakelti ni kwamba mnyororo wetu umelegea tu, haujakatika. Huko Kongo Central, dini ya Bundu dia Kongo ilianza kuwarudisha watu kwa bankambo, yaani mababu, tangu 1969, pamoja na siasa zake. Huku kwetu kijana anayetaka dini ya asili anaanzia kwa mafarao wa Misri kwenye simu, na nkambo wake wa Kabongo au Malemba-Nkulu yuko hai, anasubiri mtu wa kumuuliza. Na pasta anayeamuru vitu vya ukoo vichomwe moto anafanya kazi ya jeshi la Roma, tena bila mshahara.

Sisemi turudi kuabudu. Mimi mwenyewe Jumapili niko misani. Nasema ujuzi huu ni mali, aamini mtu asiamini. Msomaji wangu, likizo hii ukienda kijijini, beba daftari. Omba ruhusa kwanza, kwa sababu wa Mbudye hawamwambii yote mtu ambaye hajaingizwa, na hiyo ni haki yao. Andika atakachokubali kusema, na chini yake uandike jina lake, kijiji chake na tarehe.